Aliyesema Alipendaka

Ninyi mnaofunga maua siku hizi mna kasoro moja: mnamwamini mteja. Akija analia, mnamletea kiti. Akisema marehemu alikuwa mume wake, mnaandika "Mume wangu mpendwa" kabla hajafunga mdomo. Mimi nilifanya kazi ya kuroni hapa Uvira tangu usichana wangu mpaka vidole vilipokataa kukunja waya, na sijawahi kumletea kiti mtu kabla sijamuuliza huyo anayemlilia anaitwa nani. Kuroni, kwa asiyezijua, ni lile shada la mviringo ambalo watu huweka juu ya kaburi au chini ya mnara. Wajukuu zangu wanasema nina roho mbaya. Nawaambia roho nzuri ifunge maua ya harusi, ya makaburini iniachie mimi.

Aliyenifundisha ni Mama Feza, mke wa katekista, aliyekuwa na kibaraza chake mtaa wa Rugenge kando ya njia ya kwenda sokoni. Alikuwa mwembamba, mkali, na alimtazama kila mtu kama anayetaka kumwibia mkasi. Miezi ya kwanza hakuniruhusu kugusa ua. Nilipasua matete tu. Fremu ya kuroni wakati ule ilikuwa ya matete kutoka mdomo wa Ruzizi, na ilikuwa lazima uyapasue yakiwa mabichi, maana tete kavu ukilikunja linavunjika na kukuingia chini ya kucha. Unalizungusha, unalifunga kwa maganda ya mgomba, unalivika majani ya mchikichi, ndipo unaanza maua.

Ukingo wa nje tuliuzungushia matawi ya lorie, ule mti wa maua ya waridi unaopandwa mbele ya nyumba za wakubwa. Hapa sikilizeni vizuri. Makaburi yetu yana mbuzi. Familia inalia, padri anabariki, watu wanageuza mgongo, na mbuzi amekwisha kufika. Lakini mbuzi akigusa lorie kwa ulimi anarudi nyuma na kwenda kwa jirani, kwenye kuroni ya fundi mwingine. Nanyi mnawe mikono kabla ya kula, kwa sababu utomvu wa lorie hauchagui kati ya mbuzi na fundi.

Baada ya mbuzi kuna wezi. Mtu anaokota kuroni juu ya kaburi, anaipiga maji, na Jumamosi anakuja kukuuzia. Kwa ajili hiyo Mama Feza alifunga fundo lake chini ya kila fremu, upande usioonekana, fundo la kushoto lililorudiwa mara mbili. Siku moja kijana alituletea kuroni nzuri, bei ya huruma. Mama Feza akaigeuza, akaliona fundo lake, akamuuliza kwa upole kama marehemu ndiye aliyemtuma: "Mufu njo amekutuma?" Kijana yule hatukumwona tena, na kuroni tuliirudisha kaburini siku hiyohiyo.

Msidhani Mama Feza hakukosea. Kuna siku tulikuwa na harusi na mazishi pamoja, na tepe mbili za maneno zilikuwa zinakauka rangi kwenye kamba moja. Ule wa harusi uliandikwa "Mungu awape watoto wengi". Akaufunga kwa haraka, akaukabidhi, na ukaenda kulala juu ya jeneza la padri mzee mbele ya parokia nzima. Walipokuja kumlalamikia hakuinua hata macho. "Na batoto alikuwa nabo," akasema, "parokia muzima. Sasa munalia nini?" Tangu hapo, tepe za harusi tulizikaushia ndani.

Kutoka matete tulihamia waya za chuma, zile zinazobaki kwenye majengo. Baadaye zikaja duara za plastiki kutoka Bujumbura, na maua ya plastiki kwa mifuko. Sikatai. Mbuzi hawayali, ingawa jua linayala, na baada ya kiangazi kimoja waridi linakuwa na rangi ya maziwa. Fundo la Mama Feza nililiendeleza kwenye waya, na kwenye plastiki, hata alipokwisha kufa na kuniachia kibaraza. Nimewatajia vitu hivi kwa mpangilio wake, matete, waya, plastiki, kwa sababu nitavihitaji mbele.

Lakini kubwa alilonifundisha halikuwa la mikono. Lilikuwa la masikio. Ninyi mnajua Kiswahili chetu cha hapa: jambo la kawaida tunaliwekea "ka" mwishoni. Mtu anapendaka chai, anaendaka sokoni. Mama Feza alinikalisha chini akaniambia, "Muntu akikuya kuagiza, muulize mufu alipendaka rangi gani. Usisikilize rangi. Sikiliza vile atajibu. Akisema anapendaka, huyo bado hajamuzika mu roho. Akisema alipendaka, huyo alisha kumuzika, na weye ujiulize ni siku gani."

Niliona ni maneno ya mwanamke mwenye shaka nyingi. Kisha nikaanza kusikiliza. Mama aliyempoteza mtoto jana yake alisema "anapendaka" bila kukosea hata mara moja. Mjane aliyerudi mwaka uliofuata kwa ajili ya misa ya kumbukumbu alichanganya, mara hivi mara vile. Na bwana mmoja mwenye kofia, ambaye mke wake alikuwa amekata roho asubuhi ileile, alikuja saa nne akasema "alipendaka" kwa ulaini kama anayeuza sabuni. Sisemi alifanya jambo. Nasema tu kwamba tulimfungia kuroni yake bila kumletea kiti, na mpaka leo nikipishana naye njiani navuka upande wa pili.

Sasa niwaambie safari ya familia ya Nyabenda, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Nilikuwa nimekwisha kustaafu, ila majirani bado niliwafungia kwenye duara za plastiki. Jirani yangu wa Rugenge, Mama Furaha, alikuja na binti yake Furaha na shemeji yake Minani. Ni watu wa bonde la Ruzizi, wenye majina ya Kirundi yanayokueleza mtu alizaliwa wa ngapi: Minani ni wa nane, Nyabenda ni wa tisa. Nyabenda ndiye aliyekuwa mume wa Mama Furaha. Alikuwa mwanajeshi. Alipanda milimani na wenzake, upande wa Rurambo, wakati Furaha akiwa bado anabebwa mgongoni, na hakushuka. Hakuna mwili ulioletwa, hakuna aliyekuja kusema neno. Mama Furaha akangoja. Alingoja pamoja na mama mkwe wake, bibi mgonjwa asiyeweza kutembea, ambaye alimwogesha, akamlisha na kumbeba mpaka kanisani, hadi bibi huyo alipofariki masika yaliyopita.

Furaha sasa alikuwa amechumbiwa. Upande wa kijana ulikuwa umeuliza kwa adabu swali ambalo kila ukoo huuliza: baba wa binti yuko wapi? Kama ni mzima, atafutwe. Kama alikufa, basi ndugu yake mkubwa akae kwenye kiti chake siku ya kupokea mahari. Na ndugu mkubwa aliyebaki ni Minani. Ndiye aliyetoa wazo la safari. Alisema familia izunguke mahali pa wafu wa vita, waweke kuroni kwenye mnara wa upande wa Makobola na nyingine kwenye makaburi ya wanajeshi kule bondeni, ili binti aolewe akiwa amemheshimu baba yake popote alipo.

Wazo lilikuwa zuri. Mimi wazo zuri linapotoka kwa mtu aliyekaa kimya miaka yote hiyo, nalitazama chini, upande wa fundo.

"Alipendaka rangi gani?" nikauliza, kama nilivyozoea.

"Nyekundu," Mama Furaha akajibu. "Anapendaka nyekundu sana. Ata shati yake ya sikukuu iko nyekundu, minye niko naichunga mu sanduku."

"Apana, shemeji," Minani akasema, akitazama mikono yake. "Alipendaka nyeupe. Kwa mambo ya makaburi, nyeupe njo inafaa."

Mkasi ulinikaa mkononi. Huyu ni mtu ambaye kwenye kila Noeli na kila kilio nilimsikia mwenyewe akisema mbele ya mama yake kwamba Nyabenda atarudi, wanajeshi wengi wamerudi, Mungu si mtu. Na sasa ulimi wake ulikuwa na "ali" tayari, laini, isiyokwaruza popote.

Nikauliza maneno ya utepe. Mama Furaha alitaka "Tunakutafuta". Minani alitaka "Pumzika kwa amani". Walivutana kidogo, kwa heshima, na Furaha akabaki anamtazama mmoja kisha mwingine. Mimi nikasema utepe wa makaburini nitaubeba mtupu, nitaandika palepale. Nikawaambia rangi ya dhahabu haipendi kusafiri ikiwa mbichi. Huo ulikuwa uongo, rangi ya dhahabu inasafiri mpaka Kalemie ukitaka, lakini ndivyo nilivyopata nafasi ndani ya gari.

Nilikuwa na hakika najua anachotafuta Minani. Parseli, yaani kiwanja. Nyumba ile ya Rugenge aliijenga Nyabenda, na wote mnajua kinachotokea hapa mjini: mume akitangazwa amekufa, ukoo unakumbuka ghafla kwamba kiwanja ni cha ukoo. Nikajiambia, atamwonyesha kaburi lolote lenye msalaba uliofutika, atamliza, na wiki inayofuata atakuja na fundi wa kupima ukuta. Niliamua kwamba nitamwangalia mtu huyu kila hatua.

Tuliondoka asubuhi kwa gari la kukodi, Minani mbele kando ya dereva, sisi wanawake watatu nyuma, kuroni mbili zikiwa zimefungwa juu. Makaburi ya wanajeshi yako kaskazini, bondeni. Minani akamwambia dereva aanze kusini, njia ya Fizi. Ziwa likawa upande wetu wa kushoto, milima ikitusukuma kutoka kulia, na mimi nikawa najiuliza kwa nini mtu anayemtafuta mwanajeshi anaanza mahali ambapo hakuna wanajeshi.

Karibu na Makobola tulishuka kwenye mnara wa wanakijiji waliouawa wakati wa vita. Pale sina mengi ya kuandika. Kuna mahali ambapo hata mimi naacha kushuku na kuinamisha kichwa. Mama mmoja wa kijiji, mwenye beseni la ndagala, dagaa wetu wa ziwani, alituona na kuja kusimama nasi. Mama Furaha alimuuliza kama kuna soda, yaani mwanajeshi, yeyote aliyezikwa hapo.

"Hapa hakuna soda, mama," akajibu polepole. "Hapa ni bantu ba kwetu. Bamama, batoto, bazee. Ndugu zangu mingi iko hapa."

Tukaweka kuroni ya kwanza. Mama Furaha alilia kwa ajili ya watu wasio wake, na yule mama akamshika mkono. Lakini nilikuwa nimemwona Minani wakati swali linaulizwa. Alikuwa anafuta kioo cha gari kwa kitambaa chake. Mtu anayetafuta husikiliza jibu, hata likiwa si lake. Yeye hakugeuza shingo.

Wakati wa kurudi kila kitu kilimchelewesha. Alitaka maji. Alitaka kumsalimia rafiki ambaye hakuwepo. Alitaka tule, na tulipokaa kwenye banda la mama mmoja aliyetuletea samaki wa mikeke na bugali, hakugusa chochote. Furaha alimuuliza, "Papa mukubwa, uko mugonjwa?" Akasema ni jua. Tulikuwa kivulini.

Tulipita mji wote na kutokea bondeni. Makaburi yale yana uzio wa waya na lango la chuma, na analichunga sajini mstaafu mwenye mguu mmoja mgumu. Mama Furaha na Furaha walikuwa nyuma ya gari wanamsaidia dereva kushusha kuroni. Sajini akaja akichechemea, akatabasamu.

"Karibu tena, papa Minani," akasema. "Leo umekuya na bantu."

Minani akakohoa, akamshika sajini bega na kumgeuza upande mwingine. Mimi nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka kwao, nikijifanya natafuta kiatu changu. Karibu tena. Ama mtu huyu alikuwa amekuja mapema kumpanga sajini amwonyeshe kaburi la uongo, ama kulikuwa na jambo baya zaidi ambalo sikulijua. Niliamini la kwanza.

Akatangulia. Hakuuliza njia. Misalaba ni mingi pale, ya chuma, imepakwa chokaa, mingine ina majina na mingine ina namba tupu, na yeye alikata kushoto, akaruka mfereji uliofichwa na majani kabla hata sijauona, akaenda moja kwa moja mpaka mstari wa mwisho, unaopakana na shamba la muhogo. Nilimfuata mbio kadiri magoti yalivyokubali. Mama Furaha na binti yake walikuwa nyuma wakisoma kila msalaba walioupita.

Kaburi lilikuwa limezungushiwa saruji na kufagiwa. Msalabani kuliandikwa NYABENDA kwa herufi ambazo mtu amezipaka upya mara nyingi mpaka zimenenepa. Nikageuka ili nimwambie Minani machoni kwamba jina linaweza kupakwa na yeyote mwenye brashi. Ndipo nikaona kilichokuwa nyuma ya msalaba.

Zilikuwa fremu kuukuu za kuroni zilizorundikwa, maua yamekwisha kuoza na kupotea. Nilichuchumaa. Juu kulikuwa na duara za plastiki. Chini yake, waya zenye kutu. Nikaingiza mkono chini kabisa, na kilichonijia vidoleni kilikuwa tete, jeusi, jepesi, likivunjika kama biskuti. Nikaligeuza kipande. Fundo la kushoto, mara mbili.

Hakuna mtu anayeweza kupanga udanganyifu wa namna ile. Matete tuliyaacha Furaha akiwa bado anajifunza kutembea. Mtu huyu alikuwa anakuja hapa tangu wakati huo, mwaka baada ya mwaka, na alikuwa ananunua kuroni kwenye kibaraza changu mwenyewe, kwa kumtuma mtu baki nisiyemjua, ili mimi jirani wa Mama Furaha nisijue. Nilikuwa nimemfungia maua ya kaburi hili kwa mikono yangu, wakati mke wa aliyelala ndani yake anapita mbele ya kibaraza na ndoo ya maji ya kumwogeshea mama mkwe.

"Papa Minani," nikamwambia, "hizi zote ni zako."

Hakukana. Alikaa chini kwenye saruji.

Mama Furaha alikuwa amefika. Alisoma jina, akalisoma tena, kisha akaniona na lile tete mkononi. Si mjinga. Aliishi nyumba ya tatu kutoka kwenye kibaraza changu na alijua ni lini tuliacha matete kama anavyojua umri wa mtoto wake.

"Ulijua," akamwambia shemeji yake.

"Nilimuzika na mikono yangu," Minani akasema. "Risasi ilimukuta kule juu. Balimushusha, baliniita, tukamuweka hapa. Nilikuwa nakuya kukuambia, shemeji. Nilifika mpaka ku mulango. Nikakuta uko naogesha mama."

"Halafu?"

"Mama alikuwa mugonjwa. Bibi yangu, mama ya batoto, alikatala kumupokea, hilo weye unajua. Nikasema, huyu akijua bwana yake alikufa, iko bado kijana, atarudi kwabo, ataolewa. Na mama atabakia na nani?" Akapangusa uso. "Nilisema nitangoja mama apone. Hakupona. Nikasema nitangoja afe. Na yeye akaishi."

Furaha aliweka mkono mdomoni. Nilikuwa nimemshuku wizi wa kiwanja, na kiwanja hakikuwa kimemwingia hata akilini. Alikuwa ameiba miaka ya mwanamke huyu, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja aliuletea kuroni.

Mama Furaha hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ileile anayoitumia kuagiza chumvi dukani.

"Kuko mwalimu aliniombaka. Muntu muzuri. Nilimujibu niko na bwana. Sasa iko na bibi na batoto. Kila siku nikipitaka kwake ananisalimia na heshima, juu minye ni mwanamuke mwenye alikatala kudanganya bwana yake." Akamgeukia shemeji yake. "Na mulango yangu, Minani, sijaitiaka kufuli. Hata siku za risasi mu mji. Nilisema, akikuya usiku asikute pamefungwa."

"Shemeji..."

"Ngoja. Mama yako nilimupenda. Ungeniambia, ningebakia naye. Ningelia mwaka moja, halafu ningeamuka nimuogeshe. Lakini ingekuwa minye njo nimechagua. Weye haukuniuliza."

Minani alilia wakati huo, na safari hii nilijua analia nini bila kumuuliza. Alimwomba amsamehe. Alisema anamwomba kwa jina la marehemu na la mama yao. Mama Furaha akamjibu kwa neno moja.

"Ngojaka," akasema.

Nikafungua chupa ya rangi. Nikautandaza utepe juu ya goti, nanyi mjue kwamba ukiandika bila meza unaanzia herufi ya katikati na kurudi pembeni, utepe unakuja sawa bila mtu kugundua. Nikamuuliza niandike nini. Alifikiri, akasema, "Andika alipendwa." Niliandika hilo peke yake. Furaha akaweka kuroni, na maua yalikuwa mekundu, kwa sababu mimi tangu mwanzo sikuwa nimemsikiliza Minani.

Jioni tukarudi Uvira. Sitaki mnielewe vibaya: simwombi Minani radhi kwa kumshuku. Nilikosea jambo, sikukosea mtu. Hilo ndilo ninalowaachia katika kazi hii kuliko fundo la kushoto na majani ya lorie. Mteja akikupa sababu ya kushuku, shuku, lakini usiharakishe kuipa shaka yako jina, kwa maana jina likishakaa kichwani, utatazama parseli wakati mtu anaibiwa kitu kingine mbele ya macho yako. Ningekuwa nimemtazama yule mjumbe aliyekuwa akija kibarazani kila mwaka, akichukua kuroni ya ukubwa uleule bila kutaja jina la utepe, ningeuliza mapema. Kuroni bila utepe. Mama Feza angemshika shati.

Miezi iliyofuata, kabla ya siku ya mahari, Minani alikuwa anakuja Rugenge kila Jumapili baada ya misa. Mama Furaha alimpa chai, akamwuliza habari za watoto, na hakumjibu lile aliloliomba. Watu wa mtaani wakaanza kubashiri. Wengi walisema siku ya mahari atalazimika kumsamehe, kwa sababu mwanamke hapokei mahari, na hakuna ndugu mwingine wa kukaa kwenye kiti cha baba. Minani mwenyewe nadhani aliamini hivyo. Alishona koti jipya.

Siku ilifika. Turubai lilitandazwa uani, wageni wa upande wa kijana wakapangwa kulia, sisi kushoto, na katikati kikawekwa kiti chenye mikono, kitupu. Mimi nilikuwa nimefunga maua ya meza, ya harusi safari hii, na nimekaa pembeni nikihesabu nani anamwangalia nani. Msemaji wa wageni, mzee mwenye sauti nzuri, akasimama, akasalimia, akasifu nyumba, kisha akauliza kama inavyoulizwa: tumekuja kuongea na baba wa binti, baba yuko wapi?

Minani akafunga kifungo cha koti na kuanza kuinuka.

Mama Furaha alikuwa amekwisha kusimama. "Baba ya Furaha aliitwa Nyabenda," akasema. "Alikufa. Iko mu makaburi ya basoda, mustari ya mwisho. Mutoto nilimulea minye. Mama ya Nyabenda nilimuzika minye. Mambo ya hii nyumba, museme na minye."

Akavuka uwanja, akakaa kwenye kile kiti, akaweka mikono yake juu ya mikono ya kiti. Msemaji alimtazama Minani, aliyekuwa amebaki katikati ya kusimama na kukaa, akangoja apinge. Minani akarudi chini polepole. Basi yule mzee akageuka, akavua kofia mbele ya Mama Furaha, na kuanza salamu upya.